Maumivu ya Binti Si Uvivu

Makala ya leo naianza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, maana si haki mtu kuwanyoshea wengine kidole kabla hajajitazama.

Nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mnamo mwaka 2000 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni ya wasichana huku Ukambani, katika Wilaya ya Makueni kama ilivyoitwa wakati huo. Palikuwa na msichana mmoja wa kidato cha pili, hodari sana wa hesabu, ambaye kila mwezi alikosa kuonekana darasani kwa siku mbili au tatu. Matroni alisema yu kitandani, amejikunja, tumbo linamuuma. Mimi nikasema ni visingizio. Wasichana wote wa shule hii hupata hedhi na huja darasani. Kwa nini iwe taabu kwa huyu peke yake? Siku moja nilimtoa bwenini nikampa kisiki akang'oe. Alichimba kidogo, akatapika, akaanguka. Hata hapo sikushtuka. Mwisho wa muhula nikaandika katika ripoti yake: "Ana akili lakini ni mvivu."

Mwezi wa Agosti 2024 nilikuwa katika steji ya Wote, nikingoja matatu ya Machakos ijae. Mama mmoja wa umri wa miaka arobaini hivi aliingia akaketi kando yangu, akanisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza, "Mwalimu, unanikumbuka?"

Nikamjibu, "Sura naikumbuka, mwanangu, lakini jina limenipotea."

"Mimi ndiye yule uliyeniandikia kwamba ni mvivu."

Sikuwa na la kusema. Yeye alicheka kidogo, akaniambia, "Usiogope, mwalimu, sikuja kukudai. Hata mimi mwenyewe nilikuamini." Basi tangu Wote hadi Machakos alinisimulia mambo yaliyompata, nami nikasikiliza kama nilivyopaswa kusikiliza miaka ishirini na minne iliyotangulia.

Safari ya miaka kumi na minane

Maumivu yalimwanza akiwa na miaka kumi na minne. Alipomaliza shule alianza kuzunguka hospitali. Mahali pamoja aliambiwa ana homa ya matumbo, pengine vidonda vya tumbo. Mara tatu alitibiwa ugonjwa wa zinaa asiokuwa nao, na kila mara bwana yake alitaka kujua ameutoa wapi. Alikatwa kidole tumbo, na mwezi uliofuata maumivu yakarudi vilevile. Alikuwa ameolewa upande wa Kitui na hakupata mtoto, na wazee wa mji ule wakaanza kunong'ona kwamba dawa ipo: aoe iweto.

Kwa wasomaji wasio Wakamba, yafaa nieleze. Iweto ni mke anayeolewa na mwanamke mwenzake asiyejaliwa watoto, ili amzalie watoto watakaoitwa kwa jina la nyumba yake. Ni mila ya zamani, na sitaki kuidharau, maana ilimpa mwanamke tasa heshima, mashamba na warithi, mahali ambapo jamii nyingine zilimfukuza. Lakini mila hiyo ilijibu swali moja tu: nani atarithi? Swali la pili, yaani mwanamke huyu anaumwa na nini, halikuulizwa.

Mwaka 2016 ndugu zake waliuza ng'ombe wawili wakafanya na mchango, akapelekwa Nairobi. Huko madaktari walimtoboa tundu dogo karibu na kitovu, wakaingiza kamera nyembamba, wakaona. Alipozinduka aliambiwa jina la ugonjwa wake: endometriosisi. Alilia, mpaka muuguzi akadhani ana uchungu wa kidonda. "Nililia kwa sababu mtu amenisadiki," aliniambia.

Ni ugonjwa gani huu?

Ndani ya mfuko wa uzazi wa mwanamke mna utando ambao kila mwezi hunenepa ukingoja mimba, na mimba isipoingia hubomoka ukatoka kama damu ya hedhi. Katika ugonjwa huu tishu inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utumbo au kibofu cha mkojo, na mara chache hata kifuani. Nayo hufuata homoni za mwezi kama utando wenyewe. Huvimba, hutoa damu. Lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Basi hubaki ndani ikileta uvimbe na makovu, na baada ya miaka viungo huweza kugandamana kama karatasi zilizopakwa gundi.

Sababu yake hasa haijajulikana kwa ukamilifu. Mwanazuoni Rokitansky aliieleza hali hii huko Vienna mwaka 1860. Katika miaka ya 1920 daktari Mmarekani John Sampson aliipa jina linalotumika hadi leo, akatoa rai kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni. Lakini imeonekana baadaye kwamba damu hurudi hivyo kwa wanawake wengi, na ni baadhi yao tu wanaougua. Linalojulikana ni kwamba ugonjwa huu hufuata damu ya ukoo: msichana ambaye mama yake au dada yake anao, yumo katika hatari zaidi kuliko wenzake. Hauambukizi. Hauletwi na uasherati. Wala hauna uhusiano na jirani mwenye jicho baya.

Dalili zake ni hizi. Maumivu makali ya hedhi yanayomlaza mtu chini na kumzuia shule au kazi, hata baada ya kumeza dawa za kawaida. Maumivu ya nyonga au kiuno hata siku zisizo za hedhi. Maumivu wakati wa tendo la ndoa. Maumivu wakati wa kwenda haja kubwa au ndogo, hasa siku za mwezi. Damu nyingi kupita kiasi, tumbo kujaa, kichefuchefu, uchovu usiokwisha, na kuchelewa kupata mimba. Si lazima zote zije pamoja, na wako wanawake ambao hawana dalili hata moja mpaka watafute mtoto wakose. La kukumbuka ni hili: mwenye maumivu yanayorudi kila mwezi kwa tarehe zake, na yanayozidi kadiri miaka inavyokwenda, hana budi kuonwa na daktari.

Tatizo kubwa liko hapa. Kipimo cha altrasaundi chaweza kuonyesha uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa kwenye kifuko cha mayai, lakini madoa madogo hakiyaoni. Mgonjwa huambiwa picha ni safi, akarudishwa nyumbani, na jamaa zake wakapata ushahidi kwamba alikuwa akijifanya. Picha safi haikanushi ugonjwa huu. Siku hizi miongozo ya madaktari inaruhusu mgonjwa aanzishiwe dawa kwa kufuata dalili zake, bila kungoja upasuaji. Hilo ni jambo la faraja kubwa kwa mtu wa Tseikuru au Ikutha, ambaye Nairobi kwake ni safari ya kuuza mbuzi.

Ati ni ugonjwa wa matajiri?

Nilipoanza kuuliza-uliza habari hizi, bwana mmoja msomi aliniambia, "Mwalimu, hayo ni magonjwa ya Wazungu na ya mabibi wa mjini wanaochelewa kuolewa." Nimechunguza, nikagundua kwamba uongo huu una historia yake.

Katika miaka ya 1930 na 1940 daktari mashuhuri wa Boston, Joe Vincent Meigs, alifundisha kwamba ugonjwa huu huwapata hasa wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuzaa, akashauri wazae mapema. Wanawake weusi waliolalamika juu ya tumbo waliandikiwa maambukizi ya nyonga, yaani kwa maneno mengine waliambiwa ni tabia zao. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alitoa ripoti ya wagonjwa wake weusi aliowachungulia ndani kwa kamera. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano walikuwa na endometriosisi, na wengi wao walikuwa wametibiwa maambukizi wasiyokuwa nayo. Tazama jinsi kisa cha mwanafunzi wangu kinavyofanana na hicho, ijapokuwa bahari na miaka mingi vimo katikati.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake wapatao milioni 190 ulimwenguni, yaani kama mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa. Hebu tufanye hesabu ya mkono. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wanawake na wasichana 587,151 Kitui na 497,942 Makueni, jumla yao zaidi ya milioni moja. Tuchukue thuluthi moja tu kuwa wa umri wa kuzaa, ingawa kwa hakika ni zaidi. Sehemu ya kumi ya hao ni zaidi ya watu 36,000. Watu hao wako wapi? Wako sokoni Kalundu, wako mashambani Kathonzweni, wako madarasani Mwingi na Kibwezi. Wengi wao hawajapata kulisikia jina la kitu kinachowatafuna.

Taifa lilishtuka, kisha?

Wakenya wengi walilisikia jina hilo mara ya kwanza kwa sababu ya Njambi Koikai, mtangazaji na mpenzi wa reggae aliyejulikana kama Fyah Mummah Jahmby. Maumivu yalimwanza utotoni. Kwake yeye ugonjwa ulifika kifuani, mapafu yake yakawa yakiporomoka tena na tena. Mwaka 2018 wananchi walimchangia akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Aliporudi hakukaa kimya; alisema hadharani mambo ambayo wengi huyasema kwa kunong'ona. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Taifa zima liliomboleza, wakubwa wakatuma rambirambi.

Nami nauliza: baada ya rambirambi, ni nini kimebadilika katika zahanati ya Kyuso? Mtu mashuhuri aweza kuchangiwa na nchi nzima. Binti wa mkulima wa pojo na mtama atachangiwa na nani?

Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na inataja wazi afya ya uzazi. Hospitali zetu ziko chini ya kaunti. Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mwaka 2016 mpango wa matibabu ambao jamaa nzima ililipa shilingi 500 tu kwa mwaka, na Wote ikapata hospitali ya mama na mtoto. Sheria ya mwaka 2017 iliiamuru serikali kuwapa wasichana wa shule sodo. Mwaka 2023 nchi ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wa kupita nyumba kwa nyumba. Hayo yote ni mema.

Lakini sodo hupokea damu, haiondoi maumivu. Na mhudumu anayepita nyumbani kupima shinikizo la damu aweza pia kuuliza maswali matatu: Je, yuko binti hapa ambaye hukosa shule kila mwezi? Je, dawa za kawaida humsaidia? Je, mama yake au shangazi yake alikuwa hivyo? Maswali hayo hayagharimu hata senti moja. Kinachotakiwa ni mhudumu afundishwe, na muuguzi wa zahanati ajue kwamba anayeletwa kwake si mvivu wala malaya.

Wako watakaoniambia kwamba Ukambani kuna shida kubwa zaidi: mvua haba, maji ya mbali, barabara mbovu. Nakubali shida hizo zipo. Lakini ni nani anayechota maji hayo ya mbali? Ni mwanamke huyuhuyu, pamoja na siku zake za kujikunja. Wengine watasema kwamba tukianza kuwasikiliza wasichana, wote watajifanya wagonjwa. Mimi niliyekuwa mwalimu wa zamu nawajibu kwamba mwongo huonekana upesi, maana mwongo hasahau kupona siku ya michezo. Wala sisemi kila tumbo linalouma ni ugonjwa huu. Ndiyo maana kuna madaktari.

Mazungumzo tuliyoyapoteza

Sasa nije katika mila, kwa kuwa ukurasa huu ni wa utamaduni. Zamani Mkamba kijana alipitia nzaiko, na katika nzaiko wazee walifundisha. Msichana aliambiwa habari za mwili wake na bibi asiyeona haya. Pamoja na mafunzo hayo kulikuwa na kisu, na kisu hicho kilidhuru. Sheria ya mwaka 2011 ilikipiga marufuku, nami nashukuru. Lakini tulipokitupa kisu tulitupa na mazungumzo. Bibi alinyamaza, mama akasema mwalimu atamfundisha, mwalimu akaandika ripoti niliyoandika mimi.

Badala ya mafunzo tumebakiwa na maneno ya kuliwaza. "Ukiolewa yatakwisha." "Ukizaa yatakwisha." Kule pwani huitwa chango, na mwali huambiwa ndivyo wanawake walivyo. Ukweli ni kwamba mimba huweza kupunguza maumivu kwa muda, lakini haiponyi ugonjwa. Kumwoza binti mapema ili apone ni kumtoa katika taabu moja na kumtia katika mbili.

Kuna jambo jingine la kusemwa waziwazi. Hakuna dawa inayoumaliza ugonjwa huu kabisa, lakini zipo zinazoupunguza makali: dawa za maumivu zikimezwa mapema, na dawa za homoni, zikiwamo vidonge vilevile vya kupanga uzazi. Pengine upasuaji huhitajika. Basi msichana wa miaka kumi na sita anapopewa vidonge hivyo, mama yake huvitupa chooni akidhani daktari anamfundisha mtoto umalaya. Mama mwenzangu, na baba pia, tafadhali ulizeni kwanza. Kwa binti huyo vidonge hivyo ni dawa kama dawa nyingine. Na wanaotafuta mtoto wasikate tamaa, kwani wengi wenye ugonjwa huu huzaa, wengine bila msaada na wengine kwa matibabu.

Mwethya wa wagonjwa

Nilimuuliza yule mama nani aliyemsaidia zaidi, akanijibu kwamba madaktari walimsaidia kwa siku chache, na wanawake wenzake kwa siku zilizobaki. Nairobi alikutana na wagonjwa waliojiunga pamoja. Huko kuna Endometriosis Foundation of Kenya, iliyoanzishwa na Elsie Wandera ambaye mwenyewe ameonja uchungu huu, na mwezi wa Machi kila mwaka wahusika huvaa manjano kuwakumbusha watu.

Aliporudi Kitui hakutaka kungoja Machi. Alikwenda kwa akina mama wa mwethya wake. Kila Mkamba anajua mwethya: watu hukusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakachimba matuta, wakajenga kizuizi cha mchanga mtoni, na aliyefiwa akalimiwa shamba. Aliwaambia, "Mwanalima kwa mgonjwa wa mguu. Mimi naumwa tumbo, siku tatu kila mwezi." Mwanzoni walitazamana. Kisha mmoja akasema binti yake yuko hivyo. Mwingine akasema dada yake alikufa bila mtoto akiitwa mchawi. Sasa wana daftari. Kila mwenye maumivu huandika tarehe, siku ngapi, dawa gani, na kama alitapika. Anapokwenda hospitali hubeba daftari hilo na mwenzake mmoja wa kumsindikiza, ili daktari asiweze kusema ni hisia tu. Mume naye huitwa akaketi akasikiliza.

Naona hapo kuna somo kwa kaunti zote mbili. Gharama ya daftari ni ndogo kuliko ya ng'ombe wawili. Mwalimu mkuu aweza kumruhusu msichana alale, ampe maji ya moto, amwandikie mzazi barua badala ya adhabu. Kasisi aweza kulitaja jina la ugonjwa mimbarini. Wakubwa wa afya huko Kitui na Wote waweza kuhakikisha kwamba hospitali ya rufaa ina mtu anayeujua ugonjwa huu, na kwamba zahanati zinajua kumtuma mgonjwa kwake.

Tulipofika Machakos nilimwambia mama yule, "Mwanangu, nisamehe." Akanijibu, "Nimekusamehe, mwalimu. Lakini wako walimu wengine wa zamu hivi sasa." Ndiyo maana nimeandika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mabinti hawa hawakuficha. Walisema kila mwezi, na sisi hatukuwasikia.